Mbuzi wa Kufunguliwa

Kaka yangu alikuja kwa mama jioni moja nyuma ya bodaboda, akalala, na asubuhi akaondoka hata chai hakuimaliza. Lori lake alikuwa ameliacha Kahama likiwa na mzigo wa watu, na wenye mzigo walikuwa wakimngoja ng'ambo ya mpaka. Ni dereva wa masafa marefu. Njia yake ni ile ile miaka nenda rudi, Kahama, Runzewe, mpaka Rwanda, na kila akipita karibu lazima achepuke kuja kumwona mama, hata kama ni kwa saa chache. Mama naye siku akisikia mwanawe yuko njiani hatulii. Anafagia uwanja mara mbili, anakwenda kusimama kwenye mwanya wa ua, anarudi, anakwenda tena. Mimi ni mwalimu, mdogo wake, na sijawahi kusubiriwa hivyo. Nalisema hili bila kijicho, au kwa kijicho kidogo tu.

Ulikuwa mwaka wa korona. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimetoka Songwa ninakofundisha, nikaja kukaa na mama kijijini kwetu, upande wa Mwakitolyo. Mgodi wa wachimbaji wadogo hauko mbali na nyumbani. Mchana kutwa unasikia makarasha yakisaga mawe ya dhahabu, na ukishazoea husikii tena. Nilikuja na vitabu na nia ya kupumzika. Nilidhani nitalala, nitakula michembe ya viazi vitamu na karanga, nitarudi kazini nimenenepa.

Siku chache baada ya kaka kuondoka, pikapu ya halmashauri ilisimama nje ya ua wetu wa minyaa. Bwana afya alishuka, barakoa usoni, akaninyooshea kiganja kabla sijamfikia.

"Mwalimu, usisogee tafadhali."

Alimsalimu mama kwa mbali, shikamoo, mama akaitika marahaba. Kisha akatueleza kwamba kaka alipimwa mpakani, wamemkuta nao, na wamemzuia huko huko pamoja na madereva wengine. Sisi wawili tuliolala naye nyumba moja hatutakiwi kutoka kwa majuma mawili. Hakuna kuingia mtu wala kutoka. Tukihisi homa tumpigie simu. Alikuwa kijana mwenye adabu, akisema kila jambo mara mbili ili mama alielewe.

Mama aliuliza swali moja tu. "Mwanangu anakula?"

Bwana afya akasema ataulizia.

Alipotoka kwetu alikwenda ofisi ya kijiji akaitisha watu. Mimi sikuwepo, lakini nilikuja kusimuliwa, na wote walionisimulia wanakubaliana kwamba alisema vizuri. Alisema wasitushike mikono, wasiingie uwanjani, wakitaka kutusaidia waweke chakula kwenye ua na kuondoka. Alisema pia watupigie simu, watufariji, maana mtu akifungiwa anaweza kuchanganyikiwa. Watu waliitikia kwa vichwa. Halafu aliuliza nani atasimamia jambo hili, na mwenyekiti, bila kufikiri sana, akamtaja nsumba ntale.

Nsumba ntale kwetu ndiye mkuu wa kazi za pamoja. Ndiye anayewatoa watu kwenda kulima shamba la mgonjwa, ndiye anayepanga wa kuchimba kaburi, na asiyefika, yeye ndiye anayemshughulikia. Huyu wetu ni mtu mpole, mwenye sauti ndogo, hajawahi kumgombeza mtu mbele yangu. Bwana afya alidhani anampa kazi mpya. Kumbe yeye alipewa kazi ambayo baba yake aliifanya na babu yake aliifanya, na aliijua yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jioni ile ile watu waliacha kutusalimu.

Ili uelewe uzito wake lazima ujue salamu ilivyo kwetu. Mtu wa mjini akisema mambo na akajibiwa poa, wamemaliza. Kwetu mtu anasimama. Anasema mwangaluka, unaitika, anakuuliza wewe ni wa nani, unamtaja baba yako, naye anakuuliza ng'ombe, watoto, mvua. Mama yangu alikuwa akisalimiwa hivyo kila siku na kila aliyepita njia iliyo mbele ya ua wetu, na ni njia ya kisimani, kwa hiyo ni kijiji kizima. Alikuwa anaujua ulimwengu kwa kukaa pale.

Wanawake walipita na ndoo zao, nikawapungia mkono kutoka mlangoni, kwa mzaha, nikiwaambia tuko jela. Hawakucheka wala hawakunitazama. Walipita shingo zimegeukia upande wa pili, wote kwa pamoja, kama watu walioambizana. Nilidhani ni hofu ya korona, nikawasamehe. Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Hakuna aliyepiga simu. Chakula hakikuwekwa kwenye ua. Tulikuwa na unga na dagaa wa kutosha, hatukulala njaa, lakini nilianza kukasirika.

"Wajinga hawa," nikamwambia mama. "Wameambiwa wasitushike mkono, wao wamefunga na midomo."

Mama alikuwa anachambua karanga. "Si wajinga," akasema. "Tumetengwa."

Alinieleza bila kuinua macho. Mtu akikataa kwenda kuzika, au akimfanyia kijiji ubaya ambao hautakiwi kupelekwa polisi, watu humtenga. Hapigwi. Hasalimiwi tu, hapewi moto, haazimwi jembe, akifika kisimani waliopo wanaondoka. Alipokuwa msichana alimwona mzee mmoja aliyefanyiwa hivyo, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Mwanzoni mzee yule alikuwa anatukana wapitao. Baadaye akawa anawasalimu ng'ombe wake kwa majina ya majirani, na ng'ombe asipojibu anamchapa. Kisha akanyamaza. Mvua zilipoanza hakutoka kulima, na walipoingia ndani hakuna aliyeweza kusema alikufa siku gani.

"Sisi hatujafanya kosa lolote," nikasema.

"Ndiyo," mama akasema. "Hilo ndilo linaloniogopesha."

Nilicheka, nikamwambia majuma mawili ni kitu gani. Nilikuwa na simu, nilikuwa na vitabu. Lakini baada ya siku kadhaa nilijikuta nasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Nililala mchana nikaamka kichwa kikiuma, nikijishika shingo kuona kama nina homa. Nilimchukia mama kwa jinsi alivyokuwa akitafuna. Halafu nilijichukia mwenyewe. Tulijifukiza pamoja kwenye nyungu, tumejifunika blanketi moja, mvuke wa mwarobaini ukitutoa machozi, na humo ndani mama alinishika goti na kulishikilia muda mrefu baada ya mvuke kwisha. Niliogopa kumuuliza anawaza nini.

Siku moja makarasha yalinyamaza. Sikujua nimesikia nini mpaka mama aliposimama. Mgodini wanazima mashine zote kwa jambo moja tu, na baada ya muda vilio vilianza upande wa pili wa kijiji, vikasogea, na watu wakapita njiani wakikimbia. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limeporomoka. Kijana wa jirani yetu wa tatu alikuwa ndani. Niliwauliza wapita njia kwa sauti, nikawaita kwa majina ya watoto wao, Mama fulani, Baba fulani, nani amefukiwa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Jina la marehemu nililisikia kwa kuwasikiliza wakiambiana wenyewe.

Siku ya maziko mama alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akajifunga kanga kiunoni kama anavyofanya msibani, akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja. Nilimwambia haturuhusiwi. Akasema anajua. Alikaa vile tangu watu walipoanza kupita hadi walipomaliza kurudi, jua kali likimpiga. Wakati wanarudi, mama wa marehemu alikuwa anashikiliwa na wanawake wawili. Alipofika usawa wa ua wetu alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alisimama akatutazama. Alimtazama mama yangu machoni, kisha wale wanawake wakamvuta.

"Wamezika bila mimi," mama alisema. Usiku huo hakula.

Majuma mawili yalipoisha bwana afya alipiga simu, sauti yake imechangamka. Akasema hongera mwalimu, hamna dalili, mko huru. Nilivaa, nikachukua ndoo, nikaenda kisimani nikitembea katikati ya njia. Wanawake walikuwa wengi kwenye pampu. Walinyanyua ndoo zao, hata zile zilizokuwa nusu, wakaondoka. Mmoja alikuwa shoga yangu tangu utotoni. Niliwaambia kwa sauti ya darasani kwamba tumeambiwa tuko salama, kwamba hatukuumwa hata siku moja. Nilibaki nikipampu maji peke yangu kwa hasira.

Kutoka hapo nilikwenda dukani. Mwenye duka ni mtu wa Tabora, Mwislamu, mzee aliyekuja na mgodi miaka mingi iliyopita. Hayumo katika hesabu ya nsumba ntale, lakini wateja wake wamo. Aliponiona alitazama njia kwanza, kisha akaniashiria nizunguke dirisha la nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Poleni." Ilikuwa sauti ya kwanza kijijini kunijibu na nilitaka kulia. Alinipimia chumvi na sukari bila kuwasha taa ya stoo. "Nakwambia kama mwanangu. Hamjafunguliwa."

"Bwana afya amepiga simu leo asubuhi."

"Amekupigia wewe. Hakumpigia nsumba ntale, na hata angempigia isingetosha." Alifunga mfuko kwa fundo. "Hawa wana utaratibu wao. Nenda kwake ukamuulize kwa upole, na usimpandishie sauti kama ulivyofanya kisimani. Nimeisikia hapa."

Nilikwenda. Nsumba ntale alikuwa nyuma ya nyumba yake anatengeneza mpini wa jembe. Hakunitazama. Alimwita mkewe, na alichotaka kuniambia akamwambia mkewe, mimi nikiwa nimesimama pale pale.

"Mwambie mwalimu kwamba kazi tuliyopewa tumeifanya vizuri. Hakuna mtu aliyevunja. Hata watoto."

Nilimwambia mkewe, kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia, kwamba serikali haikusema watunyime salamu.

"Mwambie mwalimu bwana afya alituambia tuwatenge. Hakutuambia nani atawafungua. Sisi tunajua njia moja. Waliotengwa wanachinja mnyama, watu wanakuja, aliye mkubwa wa nyumba anasimama anasema kosa lake na kuapa kwamba hatarudia. Ndipo wanasalimiwa." Alijaribu mpini kwa kiganja. "Na mwambie wasikawie. Wenye msiba nao wanahesabu mambo."

Nilimwuliza mambo gani. Mkewe hakungoja kuambiwa, aliingia ndani.

Mama alikataa katakata. Sikutegemea, maana ndiye aliyekuwa anaumia zaidi.

"Nikichinja nimekiri," alisema. "Nitakiri nini? Nikisimama mbele ya watu nikasema nina kosa, mimi mzee, na kijana wa watu ametoka kufukiwa juzi? Wewe unaishi wapi, mwanangu?"

Naishi hapa hapa, na nilielewa. Mama hupikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, moshi wake umemkaa machoni zaidi ya nusu ya maisha yake. Na kwetu, Mungu atusamehe, bibi mwenye macho mekundu haulizwi anapikia kuni gani, huitwa mchawi. Tumekua tukisikia habari za vikongwe waliokutwa wamekatwa vitandani mwao, na tumekua tukizisikia kwa sauti ya chini, kana kwamba sisi ndio tuliotenda. Nilimshauri tuhamie Songwa kwangu. Akasema mwanawe akija atamkuta nani.

Basi tukabaki. Majuma yakawa miezi. Redioni walikuwa wanatangaza kwamba shule zinafunguliwa, mipira inachezwa, mabasi yanajaa. Kwetu karantini iliendelea. Niliomba ruhusa kazini kwa kusema mama anaumwa, na haukuwa uongo. Aliacha kufagia. Aliacha kusuka nywele. Asubuhi alikaa kwenye kigoda akasema mwangaluka, kisha kwa sauti nyingine, nyembamba, akaitika mwangaluka, akajiuliza wewe ni wa nani, akamtaja baba yake, akajiuliza habari za mvua. Siku ya kwanza nilidhani amepata mgeni, nikatoka mbio na furaha. Nilipoona yuko peke yake, nilisimama mlangoni. Nilimkumbuka yule mzee na ng'ombe wake, na sikumwambia.

Kaka alikuwa anapiga simu. Walikuwa wamewaweka madereva katika uwanja wenye uzio karibu na mpaka, wakilala kwenye malori yao. Wanapimwa, wanaambiwa wangoje, wanapimwa tena. Alipona mapema lakini akabaki anangoja karatasi, na karatasi ilipotoka ikakuta mpaka umefungwa upande wa pili na mwenye lori hataki gari lirudi na mzigo. Kila simu sauti yake ilikuwa inapungua. Alisema wenzake wameacha kuzungumza. Alisema kuna mmoja alivua nguo zote mchana akapanda juu ya lori, wakamshusha kwa kumbembeleza. Siku moja alilia, mtu mzima mwenye ndevu, na mama alikuwa anasikia kwa sababu nilikuwa nimeweka spika.

"Mama, wakinitoa tu nakuja nyumbani," alisema. "Sitapita popote. Nataka nilale hapo kwako hata mwezi."

Mama alimwambia aje. Simu ilipokatika alikaa akiwa ameishika. Nilijua anachokiona, maana nilikuwa nakiona pia. Atakuja amechoka na akili yake imechoka, ataingia kwenye nyumba ambayo haisalimiwi, na kuanzia hapo naye hatasalimiwa. Akiugua hatapata wa kumbeba. Akifa njiani hatapata wa kumzika kwao.

"Tafuta mbuzi," mama alisema.

"Na ulichokuwa unakiogopa?"

"Mimi nimeshazeeka. Tafuta mbuzi mzuri, wasije wakasema tumewadharau."

Watu walikuja Jumamosi. Walijaa uwanjani, watu ambao sikuwaona macho yao kwa miezi, wakakaa kimya wakati mbuzi anachunwa. Nsumba ntale alisimama, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba nyumba hii imeomba kufunguliwa, basi mkubwa wake aseme kosa lake. Mama alisimama katikati, amevaa lile gauni la kanisani. Nilikuwa karibu naye na nilisikia pumzi yake. Usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa tumeshauriana aseme nini, nami kama mwalimu nilikuwa nimemtungia maneno mazuri yasiyo na maana yoyote, ya kuomba radhi kwa usumbufu. Hakuyasema.

"Kosa langu ni kumpokea mwanangu," alisema. "Alikuja kutoka njiani, nikampokea, nikamlaza ndani."

Watu waliguna kidogo. Nilimtazama nsumba ntale nikiomba moyoni aone aibu, aseme hilo si kosa, waende nyumbani. Hakuona kitu cha kuonea aibu. Kosa lilikuwa limetajwa, utaratibu unakwenda vizuri.

"Utarudia?" akauliza.

Mama hakuwa ameliwazia swali hilo, wala mimi. Niliona uso wake unavyobadilika anapolielewa. Alitazama watu, akanitazama mimi, na nilijua kwamba nikitoa neno nitavunja kila kitu, na nilijua pia kwamba nisipotoa neno limeshavunjika. Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Sitarudia."

Wakala. Kisha wakaja mmoja mmoja kumsalimu, salamu ndefu, wengine wakipiga magoti, wewe ni wa nani, wa nani, na mama akamtaja baba yake mpaka sauti ikamkauka. Wengi walikuwa na machozi. Shoga yangu alinikumbatia akaniambia nilikuwa nimemkosesha usingizi. Nilimkumbatia pia, ingawa nilikuwa na hamu ya kumzaba kofi. Mama wa yule kijana aliyefukiwa alikuja mwishoni. Hakula. Alimsalimu mama yangu kikamilifu, asiruke hata neno moja, kisha akasema, "Nimesikia ulichokisema," akaondoka.

Haikupita wiki tukakuta ua umekatwa. Ilikuwa asubuhi, nimekwenda kumwaga majivu nyuma ya nyumba, upande wa dirisha la mama. Minyaa ilikuwa imefyekwa kwa panga kuanzia chini, upana wa kupita mtu mmoja, na matawi yamepangwa pembeni vizuri. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika. Nilisimama pale na debe la majivu, na hofu niliyoipata sijawahi kuipata tena.

Mwenyekiti alikuja, akatazama, akasema labda ni mbuzi. Nilimwuliza ni mbuzi gani anayekula minyaa na kupanga matawi. Akanivuta kando.

"Mwalimu, mama yako alikiri mbele ya watu. Mtu akishakiri, anaangaliwa kama atarudia. Ndivyo ilivyo. Asiporudia hakuna neno."

Nilitaka kuziba lile tundu kwa miiba. Mama akanikataza. Alisema tukiliziba watadhani tuna cha kuficha. Akahamishia kitanda chake ukuta wa pili, na tukaishi hivyo, tundu liko wazi, na wapita njia wanatusalimu asubuhi na jioni kwa sauti tamu.

Nilimpigia kaka nikamwambia asije. Sikupata. Simu yake ilikuwa imezimwa, kumbe ndiyo walikuwa wamemwachia, na chaji ilikuwa imemwishia njiani. Alifika mchana kwa miguu kutoka barabarani, begi begani, na watu waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama walipomwona. Hawakumfanya lolote. Waliweka tu ndoo chini, wakasubiri.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, anakatakata viazi vya michembe. Alimwona kabla yangu. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Shikamoo mama," kaka alisema kutoka kwenye mwanya wa ua. Shati lake lilikuwa linamning'inia. Alikuwa anacheka kama mtu aliyefika.

Mama akachukua kiazi kingine.

"Mama, ni mimi. Shikamoo."

Alikata kile kiazi mpaka kikaisha. Akakung'uta gauni, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, mchana kweupe. Komeo lake linalia, na sote tulilisikia, hata wale wa njiani. Kaka akanigeukia. Nimefundisha watoto miaka mingi na sijawahi kuona uso usioelewa kama ule.

Nilimtoa nje ya ua nikamweleza, haraka haraka na vibaya. Aliniambia niache upuuzi. Alikwenda mlangoni akabisha, akaita, akabembeleza, akamwambia mama kwamba ana karatasi, amepimwa, ni mzima. Komeo halikusogea. Mwishowe alikaa chini, mgongo kwenye mlango, akabaki hivyo hadi kivuli cha nyumba kilipomfikia miguuni. Kisha akachukua begi lake. Alisema atalala Kahama, kuna mwenzake ana chumba. Nilimtafutia bodaboda mimi mwenyewe, na sikumkumbatia, kwa sababu watu walikuwa bado wamesimama.

Alipoondoka walichukua ndoo zao. Nsumba ntale alikuwa miongoni mwao, sikujua amefika saa ngapi. Alipofika usawa wa mlango alisimama njiani.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama kwa salamu ya jioni, kwa upole kabisa.

Na mama akaitika kutoka ndani, sauti yake haina mkwaruzo. Akaulizwa ni wa nani, akamtaja baba yake.

Nilingoja wote watoweke ndipo nikagonga. Alifungua kidogo, akaniingiza, akarudishia komeo. Chumba kilikuwa na giza na alikuwa amesimama nyuma ya mlango pale pale, nadhani hakuwa amekaa muda wote ule. Alinishika mkono akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Sikumtazama vizuri," alininong'oneza. "Amekonda?"

Nikamwambia hapana, amenenepa.